Kabla ya ndege, daktari

UKIMWULIZA Mkenya anayeota kuhamia Canada safari yake itaanzia wapi, atakujibu bila kusita kwamba itaanzia Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, pale Embakasi. Atakutajia masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, koti zito la mtumba alilolichagua Gikomba, na shangazi atakayelia hadi askari wamwombe asogee kando.

Lakini safari hiyo, ndugu msomaji, huwa imekwisha kuanza miezi mingi kabla ya siku hiyo. Huanzia katika chumba kidogo chenye kitanda, mizani na kipimo cha urefu ukutani, ambamo utaambiwa uvue shati, uvute pumzi, uizuie, kisha uiachilie polepole. Usipopita katika chumba hicho, hutapanda ndege ya kwenda kukaa.

Tangu Agosti 21, 2025 jambo hili limepata uzito mpya. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyeomba ukaazi wa kudumu kupitia mpango wa Express Entry alikuwa akituma maombi kwanza, halafu akingoja kuelekezwa kwa daktari. Sasa mambo yamegeuzwa. Ni daktari kwanza, maombi baadaye. Anayetuma maombi bila ushahidi kwamba yeye na jamaa zake wamekwisha kuchunguzwa, huyo hajakamilisha maombi yake.

Wanaoomba kwa njia nyinginezo, mathalan wale wanaodhaminiwa na mume au mke aliyetangulia, wao bado hungoja maagizo. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua uko kwenye foleni gani. Foleni mbili zinaweza kuelekea mlango mmoja na bado zikawa na taratibu tofauti.

Leo nakualika tuifuate njia hiyo pamoja, kuanzia barabara za Nairobi hadi kisiwa kimoja katikati ya mto wa mbali, ili uone ni kwa nini nchi ya watu hutaka kujua hali ya mapafu yako kabla ya kukufungulia mlango.

NAIROBI ASUBUHI NA MAPEMA

Mabasi ya usiku kutoka Busia, Kisumu na Malindi huingia jijini kabla jua halijachomoza. Wasafiri hushuka wakipiga miayo, wakijikunja kwa baridi, huku wapagazi na makanga wakigombania mizigo yao. Miongoni mwa wachuuzi na wanafunzi utamwona mama mwenye bahasha ya kaki kifuani, ameishika kama ashikaye mtoto mchanga. Huyo haendi Gikomba. Ana paspoti na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake.

Wa kutoka Mombasa huja kwa garimoshi la Madaraka Express, lililoanza safari zake mwaka 2017, wakashuka Syokimau na kuunganisha hadi katikati ya jiji. Wote hao wakifika Nairobi huwa na vituo vyao vya lazima, kama vile mahujaji walivyo na vituo vyao.

Kituo cha kwanza ni Nyayo House, lile jumba refu kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Hapo ndipo paspoti zinapotoka. Wazazi wengi hukumbuka paspoti zao wenyewe wakasahau za watoto. Mtoto, hata awe bado ananyonya, anahitaji paspoti yake. Na siku ya daktari, paspoti hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba aliyepimwa ni yeye wala si binamu yake.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye jumba la Posta Kuu, kuna Huduma Centre, ambako watu huchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Cheti chenyewe hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo makao yake makuu yako Kiambu Road. Wanaotaka ukaazi wa kudumu huhitaji cheti hicho pia, na busara ni kukishughulikia wakati mmoja na mambo ya daktari, wala si kungoja kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Halafu sasa ndipo tunapofika kwa daktari mwenyewe.

SI DAKTARI YEYOTE

Huenda una daktari wako pale Buruburu au Kangemi ambaye amekutibu malaria kwa miaka 20. Anakujua kwa jina, anamjua mkeo, na watoto wako humwita mjomba. Kwa jambo hili, daktari huyo hawezi kukusaidia. Idara ya Uhamiaji ya Canada huwa na orodha ya madaktari iliowateua katika kila sehemu ya dunia, na ni wao tu ambao uchunguzi wao unakubaliwa. Orodha hiyo imewekwa wazi kwenye intaneti na hubadilika mara kwa mara. Itazame mwenyewe kabla ya kupiga simu, wala usitegemee jina uliloambiwa na jirani aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Jihadhari pia na wale jamaa wa mjini wanaojitia kuwa wanajua njia za mkato. Atakwambia anaweza kukupatia "medical" bila hata kuvua koti. Msomaji wangu, matokeo ya uchunguzi huu hayawekwi katika bahasha ukatembea nayo. Daktari aliyeteuliwa huyatuma mwenyewe kwa kompyuta moja kwa moja hadi kwa idara ya uhamiaji. Unachopewa wewe ni karatasi ya kuonyesha kwamba ulifika na ukachunguzwa, ikiwa na nambari yako. Hiyo ndiyo unayoiambatisha kwenye maombi. Cheti kinachouzwa kwenye ngazi za jumba fulani la River Road ni hasara na ni kosa la udanganyifu, ambalo linaweza kukufungia mlango kwa miaka mitano.

Unapokwenda, chukua paspoti, miwani yako kama unavaa, orodha ya dawa unazomeza, na ripoti za hospitali kama umewahi kufanyiwa upasuaji au kuugua maradhi ya muda mrefu. Ada utalipa mwenyewe, na haitarudishwa hata kama maombi yako yatakataliwa. Familia ya watu watano italipa ada tano, kwa hivyo weka akiba mapema.

YANAYOFANYIKA NDANI

Wengi huogopa kwa sababu hawajui wataulizwa nini. Kwanza ni historia ya afya yako. Umewahi kulazwa? Umewahi kutibiwa kifua kikuu? Una kisukari, presha, kifafa? Sema kweli. Ugonjwa uliotajwa hushughulikiwa. Uliofichwa ukija kugunduliwa, shida inakuwa ni uongo wala si ugonjwa tena.

Kisha hupimwa urefu, uzito, macho, masikio, mapigo ya moyo na presha. Watoto wachanga hupimwa mzingo wa kichwa. Wenye umri wa miaka 5 na zaidi hutoa mkojo. Kuanzia miaka 11 hupigwa picha ya eksirei ya kifua. Kuanzia miaka 15 hutolewa damu kupimwa kaswende, virusi vya Ukimwi na jinsi figo zinavyofanya kazi.

Mama mjamzito asihofu. Anaruhusiwa kuahirisha picha ya eksirei hadi ajifungue. Lakini na ajue kwamba faili itangoja pamoja naye, na mtoto atakayezaliwa atakuwa mtu mwingine wa kuongezwa kwenye maombi na kuchunguzwa.

Daktari hatakwambia kama umefaulu au umeanguka. Hiyo si kazi yake. Yeye hupima na kuandika. Wanaoamua ni maofisa wa uhamiaji. Ukitoka pale ukamkuta amenyamaza kama maji ya mtungi, usidhani ameona jambo la kutisha.

Na je, ikiwa kuna jambo? Hapa ndipo penye faida ya kwenda mapema. Tuseme picha ya kifua imeonyesha doa. Daktari ataagiza makohozi yapimwe katika maabara, na kuotesha vijidudu vya kifua kikuu huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Ikibainika ugonjwa upo, matibabu ya kawaida ni ya miezi 6, na hapa Kenya dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma. Kifua kikuu hutibiwa kikapona, na mwombaji aliyepona huendelea na safari yake. Aliyechunguzwa mapema ana nafasi ya kutibiwa huku karatasi zake nyingine zikisonga mbele. Aliyechelewa hujikuta amebanwa pande zote mbili.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, wengi huamini kwamba kuwa navyo ni sawa na kufungiwa lango. Sivyo. Canada hukataa watu kwa sababu za afya ikiwa ni hatari kwa afya ya umma, ni hatari kwa usalama wa umma, au gharama ya matibabu yao itakuwa mzigo mkubwa kupita kiasi kwa huduma za nchi. Mwaka 2018 kiwango cha gharama hizo kilipandishwa mara tatu, na watu wengi waliokuwa wakikataliwa zamani wakapata njia. Aidha, mume, mke na watoto wanaodhaminiwa na jamaa yao, pamoja na wakimbizi, hawahukumiwi kwa kigezo hicho cha gharama.

KISIWA CHA MAKABURI

Sasa tuondoke Nairobi. Tufunge safari hadi Mto St. Lawrence, huko mashariki mwa Canada, kilomita zipatazo 50 chini ya jiji la Quebec. Kutoka kijiji kiitwacho Berthier-sur-Mer, mashua huwachukua watalii hadi kisiwa kidogo cha mawe na miti kiitwacho Grosse Île. Ni mahali patulivu. Upepo wa mto ni mkali hata wakati wa kiangazi, na nyasi zimeota juu ya mistari mirefu ya ardhi iliyoinuka kama matuta ya viazi.

Yale si matuta ya viazi. Ni makaburi.

Kisiwa hiki kilifanywa kituo cha karantini mwaka 1832, wakati kipindupindu kilipokuwa kikivuka bahari pamoja na wahamiaji kutoka Ulaya. Kila meli ililazimika kusimama hapo, daktari apande, awakague abiria, wagonjwa washushwe, ndipo wengine waruhusiwe kuendelea.

Kisha ukaja mwaka 1847. Nchini Ireland viazi vilikuwa vimeoza mashambani, watu wakifa kwa njaa, na waliobaki na nguvu wakaingia melini kwa maelfu. Walisongamana chini ya sitaha kwa wiki nyingi, na humo wakapatwa na taifasi, homa inayoenezwa na chawa. Kufikia mwisho wa Mei mwaka huo, karibu meli 40 zilikuwa zimejipanga mtoni zikingoja daktari. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Wazima walizuiwa melini pamoja na wagonjwa, na wazima nao wakaugua. Zaidi ya watu 5,000 walizikwa kisiwani katika mwaka huo mmoja. Madaktari, wauguzi na makasisi waliokwenda kuwahudumia walikufa pia.

Ukitembea huko leo utaona msalaba mrefu wa mawe uliosimamishwa mwaka 1909 juu ya kilele, na ukuta wa vioo uliozinduliwa mwaka 1998 ambao umeandikwa majina ya waliozikwa hapo. Utaona pia jengo la kufukizia nguo na mizigo kwa mvuke, na vyumba vya kuogea walimopitishwa wahamiaji wa miaka ya baadaye. Watoto waliobaki mayatima walichukuliwa na familia za Quebec. Baadhi yao waliachiwa majina yao ya Kiayalandi, na hadi leo kuna watu wa Quebec wasemao Kifaransa lakini wana majina ya ukoo kutoka Ireland.

Ukisimama mbele ya ukuta ule, utaelewa kitu ambacho fomu haiwezi kukueleza. Msafiri aliyepimwa baada ya kufika alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake, amevuka bahari, na hana pa kurudi. Akikutwa mgonjwa, jamaa zake walimwacha pale na kuendelea, au walibaki naye wakafa pamoja. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1937.

HALIFAX NA KAMPALA

Mashariki zaidi, kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, kuna mji wa Halifax. Hapo bandarini kuna jengo refu liitwalo Pier 21, ambalo lilipokea karibu wahamiaji milioni moja kati ya mwaka 1928 na 1971. Leo ni jumba la makumbusho ya uhamiaji. Utaonyeshwa mahali ambapo familia ziliketi kwenye mabenchi zikingoja kuitwa, na utasimuliwa juu ya vyumba vya hospitali ambamo waliotiliwa shaka walizuiwa huku mizigo yao ikiwa upande wa pili. Wengi waliruhusiwa. Wengine walirudishwa walikotoka kwa meli.

Ndege zilipochukua nafasi ya meli, haikuwezekana tena kumweka mtu kisiwani siku kadhaa ili aangaliwe kama atapata homa. Pole kwa pole daktari alihamishwa kutoka bandarini, akapelekwa kule mhamiaji alikotoka.

Sisi wa Afrika Mashariki tulilishuhudia jambo hilo karibu sana na nyumbani. Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika muda wa siku 90. Mwezi uliofuata Canada ilifungua ofisi mjini Kampala, ikaleta maofisa wa uhamiaji pamoja na madaktari na wahudumu wa afya wa jeshi lake. Foleni zilikuwa ndefu. Mtu alihojiwa, akapimwa, akapewa hati zake, akaenda Entebbe kupanda ndege. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 27, 1972 kuelekea Montreal, na kufikia Novemba 8, siku ya mwisho, zaidi ya watu 4,400 walikuwa wamesafirishwa. Wengine waliwafuata baadaye, wakapita 7,000.

Hebu zilinganishe hali hizo mbili, Grosse Île na Kampala. Katika zote mbili watu walikuwa wakikimbia na muda ulikuwa mfupi. Lakini waliopimwa Kampala walipofika Montreal walipewa chakula cha moto na makoti ya baridi. Hakuna aliyewazuia kisiwani.

MTOTO ALIYEBAKI KWA NYANYA

Turudi sasa kwetu, maana kuna jambo moja ambalo ni zito kuliko yote niliyotaja, na ambalo limewaliza wazazi wengi.

Sheria inataka jamaa zako wote wa karibu watajwe na kuchunguzwa, hata wale ambao hutasafiri nao. Hao ni mume au mke, na watoto walio chini ya miaka 22 ambao hawajaoa wala kuolewa. Soma tena maneno hayo: hata wale ambao hutasafiri nao.

Tuseme una binti wa miaka 13 ambaye ulimpata kabla ya ndoa, na anaishi Bungoma na nyanya yake. Unajiambia: huyu ana shule yake, nitamfuata baadaye nikishatulia. Tena kumleta Nairobi ni nauli, ni paspoti, ni ada ya daktari, na pengine ni maneno nyumbani kwa sababu mume hajapendezwa na habari zake. Basi unamwacha nje ya fomu.

Miaka mitatu baadaye una kazi nzuri Calgary, una nyumba yenye chumba cha ziada, na unataka kumchukua binti yako. Hapo ndipo utakaposomewa kanuni za uhamiaji za Canada za mwaka 2002, kifungu cha 117(9)(d). Kinasema, kwa ufupi, kwamba jamaa ambaye hakuchunguzwa wakati ulipokuwa ukiomba hahesabiwi kuwa jamaa unayeweza kumdhamini. Damu yako ni yako, lakini kwenye karatasi si wako tena.

Mwaka 2019 Canada ilianzisha mpango wa majaribio wa kuwalegezea baadhi ya watu waliojikuta katika shida hiyo. Lakini mpango wa majaribio unaweza kukunjwa kama mkeka. Mzazi mwenye busara hategemei huruma ya baadaye wakati haki iko mbele yake leo. Mtoe binti yako Bungoma. Mpandishe basi la usiku. Akae kando yako katika chumba cha kungojea. Jina lake liwemo.

Na ikiwa mtoto yuko na mzazi mwenzako ambaye hamzungumzi, basi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanza mapema zaidi. Kuombana msamaha na kukubaliana huchukua muda mrefu kuliko kutoa damu.

MAPEMA, LAKINI SI KABLA YA WAKATI

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa maneno hayo yana maana, kwa sababu uchunguzi huu una umri wake: miezi 12. Lazima uwe umeingia Canada kama mkaazi kabla ya miezi hiyo kwisha.

Sasa piga hesabu nami. Ukipata mwaliko wa kuomba kupitia Express Entry, unapewa siku 60 kukamilisha maombi. Ukienda kwa daktari kabla hujapata mwaliko, saa inaanza kuhesabu hali bado hujui kama utaitwa. Mwaliko usipokuja, pesa zimekwenda na muda umekwenda. Ukingoja hadi siku ya 55, huenda ukakuta daktari ana nafasi baada ya wiki mbili, na mwaliko wako utakufa mikononi.

Kwa hivyo wakati unaofaa kwa wengi ni wiki ile ile ya mwaliko. Lakini matayarisho yake hayangoji mwaliko. Paspoti za watoto ziwe zimetoka. Nauli ya binti wa Bungoma iwe imewekwa. Ripoti za hospitali ziwe zimekusanywa. Namba ya simu ya daktari iwe imeandikwa. Presha au kisukari kiwe kimeanza kutibiwa tangu mwaka uliotangulia, kwa faida yako mwenyewe, uende Canada au usiende.

Tuseme mlipimwa Juni 10, na maombi yakachukua miezi 6 hivi, ambayo ndiyo muda ambao idara huwa imejiwekea kwa maombi mengi ya aina hii. Hati ya kuthibitisha ukaazi inakufikia Januari. Itazame kwa makini tarehe ya mwisho iliyoandikwa hapo. Mara nyingi hufuata mwisho wa uchunguzi wa daktari au mwisho wa paspoti, ule unaotangulia. Ina maana lazima familia yote iwe imeingia kabla ya Juni 10. Hiyo ni miezi 5 ya kumpa mwajiri notisi, kumaliza muhula wa shule, kuuza viti na friji, kumtafutia mama mtu wa kumwangalia, na kununua tikiti. Mtoto mwenye paspoti inayokwisha Machi atawavuta nyote nyuma.

Wako watu ambao hati iliwafikia ikiwa imebakisha wiki chache. Waliuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, wakaondoka bila kuwaaga wazee. Kuna wazee ambao hawakuonekana tena.

UKISHAFIKA

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Toronto, kwa hivyo utapitia Addis Ababa, Amsterdam, London au kwingineko. Ofisa wa uwanja wa ndege wa Toronto atatazama hati zako, atakuuliza maswali machache, na atakukaribisha. Hatakupima homa wala hatakuuliza habari za kifua. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika Nairobi.

Ila kama eksirei ilionyesha alama za kifua kikuu cha zamani kisicho hai, utapewa karatasi ya kukuagiza uripoti kwa maofisa wa afya wa mkoa unaokwenda katika muda wa siku 30. Usiitupe karatasi hiyo, wala usione haya kwenda. Si kesi na si aibu. Ni kuangaliwa tu, na huduma hiyo ni kwa manufaa yako na ya watoto wako.

Wanafunzi mnaosoma makala haya, pengine nyinyi ndio mtakaowajazia wazazi wenu fomu hizo kwenye kompyuta, maana ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi siku hizi. Mkifika mahali pa kuandika majina ya watoto, simameni kidogo. Mwulizeni baba, mwulizeni mama, kwa upole na heshima, kama kuna ndugu yenu yeyote ambaye hajaandikwa. Swali hilo laweza kuleta kimya kirefu mezani. Livumilieni kimya hicho hadi mjibiwe, kisha mwandike jina lake, na mpige simu kwa daktari kuomba nafasi moja zaidi.